Biashara na Bi Hasara: Tuyasomeje Majina ya Majitu ya Rejareja?

Upo mchezo wa zamani wa Waswahili uitwao kinyume. Silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele, na asiyeujua mchezo hubaki nje ya mazungumzo: nyumba huwa mbanyu, samaki huwa kisama. Upo pia mchezo wa pili, unaopendwa zaidi na watu wa kalamu, wa kuzipangua herufi za neno na kuzipanga upya hadi lizaliwe neno jingine. Sharti lake ni kwamba herufi zote zitumike. Isiongezwe hata moja, wala isipunguzwe.

Mchezo huu si uaguzi. Jina la kampuni halitabiri mwisho wake, kama jina la mtu lisivyotabiri umri wake. Faida yake ni kwamba unatulazimisha tulitazame upya neno tulilolizoea mno. Nimeuazima leo ili nizungumzie jambo linalojitokeza hapa Songea kila panapotajwa maendeleo ya mji: ni lini nasi tutapata supamaketi kubwa kama wenzetu? Swali hilo huulizwa na wanafunzi wanaotafuta ajira, na hata na watumishi wa umma ambao kazi yao ni kupanga mji. Mimi naona tunaanza na swali lisilofaa. Kabla ya kuuliza lini jitu la rejareja litakuja, tuulize litaendesha biashara yake kwa fedha za nani.

Tuanzie nyumbani. Zitwae herufi tisa za MSHANGANO, kata ninayoandikia makala haya. Ukiondoa N moja, utapata mshangao. Ukizipanga zote upya, utapata HAMNA SONG, na zikiongezwa herufi mbili tu sentensi ingekamilika: Hamna Songea. Sentensi hiyo ingekuwa kweli tupu. Shoprite ya Afrika Kusini, Uchumi na Nakumatt za Kenya, pamoja na Game iliyokuwa chini ya kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini, zote ziliwahi kufungua milango Tanzania. Matawi yao yaliishia katika miji kama Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Songea haikuwamo. Wapo wanaoihesabu hali hiyo kuwa ni kuachwa nyuma. Baada ya kusoma habari zinazofuata, msomaji ataamua mwenyewe kama tuliachwa au tulinusurika.

Maneno ya biashara yenyewe yana siri zake. DUKA ukilipangua hukupa DAKU, mlo wa usiku wa mwezi wa Ramadhani. MALI ina ukoo mkubwa zaidi: herufi zake nne huzaa LIMA, MILA na IMLA. Sidhani kama kuna muhtasari mfupi kuliko huo wa historia ya uchumi wa mkoa kama wetu. Mali yetu hutokana na kulima, hugawanywa kwa mila, na mara kadhaa imepangwa kwa amri ya imla kutoka mbali. Lakini neno lililonishangaza kuliko yote ni BIASHARA. Zihesabu herufi zake: B, I, A, S, H, A, R, A. Zipange upya, nawe utakuta mwanamke mwenye heshima zake amekaa ndani tangu zamani: BI HASARA. Kila biashara ina Bi Hasara wake. Kinachotofautiana ni nyumba anayopelekwa kulala.

Sasa tumgeukie jitu kubwa kuliko yote. Walmart ilianzishwa na Sam Walton mwaka 1962 kwa duka moja katika mji mdogo wa Rogers, jimbo la Arkansas, Marekani. Leo ina wafanyakazi zaidi ya milioni 2. Kwa Sensa ya 2022, Mkoa wa Ruvuma mzima, kuanzia kikongwe hadi mtoto mchanga, ulikuwa na watu takriban milioni 1.8. Kwa maneno mengine, mkoa wetu wote ungeajiriwa na kampuni hiyo moja na nafasi zingebaki. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2024, mapato yake yalizidi dola bilioni 640, ilhali Pato la Taifa la Tanzania kwa mwaka 2023 lilikuwa yapata dola bilioni 80. Jina lake halitoi neno la Kiswahili kwa kupanguliwa, ila ukiibadilisha ile R, ambayo Waswahili wengi hatuitamki, ukaweka A, herufi zake hujipanga kuwa MTAWALA.

Mtawala huyo alipata kuwa jirani yetu, ingawa wengi hawakumtambua. Mwaka 2011 Walmart ilinunua asilimia 51 ya Massmart, na kwa njia hiyo ikawa mwenye duka la Game lililokuwapo Mlimani City, Dar es Salaam, katika ardhi ya Chuo Kikuu. Vizazi kadhaa vya wanafunzi walinunua kalamu na vikombe katika duka la kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa mapato, pasipo kujua. Mwaka 2021 Massmart ilitangaza nia ya kuondoa Game Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata ikaondoka. Utajiri wote ule haukutosha kuifanya ikae. Msingi wake wa kukaa au kuondoka ulikuwa hesabu iliyopigwa mbali nasi, na katika hesabu hiyo sisi tulikuwa mstari mmoja tu.

Tumtazame jirani wa karibu zaidi. UCHUMI ni jina zito kwa duka. Kampuni hiyo ilianzishwa Kenya mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya umma, katika miaka ambayo serikali zetu ziliamini kuwa bei ya sukari na sabuni ni jambo la siasa. Jina lake ukilisema kwa kinyume, silabi ya mwisho ikija mbele, unapata mi-uchu. Mi uchu: mimi ni uchu. Katika siasa zetu neno uchu limezoea kufuatwa na madaraka. Katika rejareja hufuatwa na matawi. Uchumi ilifungua matawi mengi haraka kuliko uwezo wake, ikafunga milango Juni 2006 chini ya mfilisi, ikafufuliwa, ikarudia mwendo uleule hadi kuvuka mipaka. Oktoba 2015 ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda, huku wasambazaji waliokuwa wamepeleka bidhaa wakidai fedha zao.

Nakumatt ilikuwa kubwa zaidi. Jina hilo ambalo wengi tulidhani lina asili ya mbali ni ufupisho tu wa Nakuru Mattress, duka la magodoro la mji wa Nakuru. Mshindani wake, Tuskys, jina lake rasmi lilikuwa Tusker Mattresses. Kwa hiyo kampuni mbili kati ya zile kubwa kabisa za rejareja za Afrika Mashariki zilibeba godoro ndani ya jina, na zote mbili zilichora tembo katika nembo zao. Nakumatt ilifikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2014 ndiyo iliyonunua maduka ya Shoprite ilipoamua kuondoka Tanzania. Ukizibadilishana nafasi silabi mbili za mwanzo za jina lake, unapata Kuna Matt. Kufikia 2017 rafu zake zilikuwa zinajibu hakuna: hakuna maziwa, hakuna unga, hakuna mafuta, kwa kuwa wasambazaji waliochoka kudai walikuwa wameacha kupeleka bidhaa. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Madeni yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya, na maduka sita yaliyosalia yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422. Tuskys nayo iliporomoka kuanzia mwaka huohuo wa 2020. Tuna methali isemayo wapiganapo tembo ziumiazo nyasi. Historia hii inaongeza kwamba hata tembo akianguka peke yake, bila kupigana na mtu, nyasi zilizo chini yake huumia vilevile.

Hapa ndipo mchezo wa herufi unapokuwa somo la uchumi. Katika kupangua, herufi ni zilezile. Kinachobadilika ni nani anasimama mbele na nani anasimama nyuma. Biashara ya supamaketi kubwa hufanya hivyo kwa fedha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mjasiriamali wa Songea anapeleka chupa za asali zenye thamani ya shilingi milioni 1. Mkataba unasema atalipwa baada ya siku 90. Duka linaziuza zote ndani ya siku 10, tena kwa fedha taslimu. Kwa siku 80 zinazobaki, milioni ile imo mikononi mwa duka, nalo halilipi riba hata senti moja. Zidisha kwa wasambazaji elfu moja, kisha uone mtaji wa kufungulia tawi jipya unatoka wapi. Mwenye asali ameikopesha kampuni iliyo kubwa kuliko yeye mara elfu, naye huku nyumbani anakwenda kukopa kwa riba ili anunue mizinga mingine.

Mtambo huo hufanya kazi vizuri maadamu matawi yanaongezeka na bidhaa zinaendelea kuja. Mauzo yakipungua kidogo, siku 90 huwa 120, kisha 180. Msambazaji mkubwa husitisha kupeleka bidhaa. Mdogo huendelea, kwa sababu akikasirisha duka hataonekana tena katika rafu. Siku ya kufilisika, benki zenye dhamana husimama mbele ya foleni, na mwenye asali husimama nyuma. Ndani ya neno mkopo mna kopo, na debe tupu haliachi kuvuma. Uvumi wa matawi mapya ulikuwa mkubwa kuliko yaliyomo ndani.

Ulinganishe mtambo huo na duka la mtaani kwetu. Mangi, au mama mwenye kibanda, hununua kwa fedha taslimu kutoka kwa muuzaji wa jumla, kisha humkopesha mteja. Analo daftari lenye majina ya walimu, wauguzi na askari wanaongoja mwisho wa mwezi. Supamaketi hukopa kwa mzalishaji. Duka la mtaa humkopesha mlaji. Sisemi kwamba mwenye kibanda ni malaika. Bei yake huwa juu kidogo, mizani yake pengine ina hila, na risiti ni nadra kuiona. Hata hivyo mzigo wa kungoja anaubeba yeye, naye akifilisika, hasara yake haivuki mtaa.

Atakuwapo atakayesema kwamba dawa ni kuiachia serikali kazi ya maduka. Ndugu msomaji, hilo tulilijaribu, na Songea ilikuwamo. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kampuni kubwa za kuagiza na kuuza bidhaa zilitaifishwa na kuunganishwa katika Shirika la Biashara la Taifa, STC. Mwaka 1973 shirika hilo liligawanywa, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Kwa hiyo mtandao mpana kabisa wa maduka uliopata kuwapo katika nchi hii haukuwa Shoprite wala Nakumatt. Ulikuwa wa serikali, na ulifika hadi mikoa ambayo majitu ya kigeni hayakuiota. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Haikudumu, kwa kuwa maduka yalifungwa kabla ya mbadala kuwa tayari. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sabuni na khanga zilizofuata, na vita dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983. Kosa la mfumo ule lilifanana na la Nakumatt kuliko tunavyopenda kukiri: aliyekuwa juu alipanga, aliyekuwa chini akangoja.

Mwaka huohuo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa kwa amri. Kwetu hilo lilimaanisha mwisho wa NGOMAT, chama cha wakulima kilichoanza mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, na ambacho jina lake liliunganishwa kutoka Ngoni na Matengo kama vile la Nakumatt lilivyounganishwa kutoka Nakuru na godoro. Mmoja aliweka watu katika jina lake, mwingine akaweka bidhaa. Zipangue herufi za NGOMAT upate MTANGO, mmea utambaao chini na kuzaa palepale ulipopandwa. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na leo wakulima wa Songea na Namtumbo wana SONAMCU. Hata hivyo, miaka ile ya kuvunjwa ilikata kumbukumbu na kuacha somo chungu: mkulima wa Ruvuma alijifunza neno kukopwa. Katika Kiswahili cha vijijini kwetu mtu hasemi amemkopesha mnunuzi mahindi yake, husema amekopwa. Sarufi hiyo ni sahihi. Aliyekopesha kwa hiari hutumia kauli ya kutenda. Aliyechukuliwa mali akaambiwa asubiri hutumia kauli ya kutendwa.

Nisieleweke vibaya. Supamaketi kubwa huleta mambo tunayoyahitaji: bei iliyoandikwa, usafi, risiti ya kodi, ajira zenye mkataba, na kipimo cha ubora kinachomlazimu msindikaji wetu wa unga au kahawa ya Mbinga kufungasha bidhaa yake vizuri. Kijana aliyesoma biashara ana haki ya kutamani kazi ya namna hiyo bila kuhamia Dar es Salaam. Siombi Songea ijengewe ukuta. Naomba tumpokee mgeni tukiwa na masharti mezani.

Na masharti hayo si ndoto; wenzetu wamekwisha kuyaweka. Afrika Kusini, Walmart ilipoinunua Massmart, wizara na vyama vya wafanyakazi vilikwenda kortini. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani iliagiza wafanyakazi 503 waliokuwa wameachishwa kazi warudishwe, na uundwe mfuko wa kuwainua wazalishaji wa ndani. Kenya, baada ya kuungua na Nakumatt, ilirekebisha Sheria yake ya Ushindani mwaka 2019 ili kubana matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi, yakiwamo kuchelewesha malipo ya msambazaji bila sababu. Sisi tunayo Tume ya Ushindani iliyotokana na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mahali pa kuanzia papo.

Kwa ngazi yetu napendekeza mambo matatu. La kwanza, halmashauri yoyote inayotoa ardhi au pango kwa duka kubwa iandike katika mkataba siku za mwisho za kuwalipa wasambazaji wadogo, na ziwe chache: 30 zingetosha kwa bidhaa zinazouzwa kwa siku 10. La pili, wazalishaji wasiende mmoja mmoja. Chama cha ushirika kinaweza kusaini mkataba ambao mwenye chupa ishirini za asali hawezi kuudai peke yake, na kinaweza kusitisha kupeleka bidhaa kwa niaba ya wote bila mtu mmoja kuadhibiwa. La tatu linawahusu wasomaji wangu watumishi wa umma, nalo ni chungu kidogo: serikali na taasisi zake nazo ni wanunuzi wakubwa. Mzabuni anayelisha shule au kushona sare akisubiri malipo mwaka mzima, hatuna uso wa kumkemea mwenye supamaketi.

Kwa wanafunzi nina neno jingine. Mnapoandika mpango wa biashara, mara nyingi mnajaza ukurasa wa mauzo kwa furaha na kuuacha ukurasa wa malipo mtupu. Nakumatt haikukosa wateja katika miaka yake mizuri. Watu walijaa humo mchana na usiku. Ilikosa fedha za kulipa waliojaza rafu. Ulizeni daima: bidhaa hii ni ya nani leo, italipwa lini, na ikiharibika au ikiibwa ni nani atakayelala na Bi Hasara? Swali hilo moja linafaa kwa kibanda cha chipsi, kwa chama cha msingi cha mazao, na kwa kampuni yenye wafanyakazi milioni 2.

Siku moja huenda jengo kubwa la vioo likasimama hapa Mshangano, na mkuu fulani akaja kukata utepe. Kabla ya makofi, natamani diwani mmoja asimame na kuomba mkataba usomwe kwa sauti, hasa kifungu cha malipo, na usomwe kwa Kiswahili, wakulima wa asali na mahindi wakiwa wamekaa viti vya mbele.